Maswali na Majibu: Kupaka Rangi Bila Kuchafua Uso

Nina studio ndogo Mwanjelwa, Mbeya. Mteja akitaka picha ya pasipoti, kwenye Photoshop namwekea bluu nyuma kwa brashi, lakini rangi inapanda masikioni na kwenye nywele. Nikifuta, sikio nalo linakatika. Nifanyeje?

Fundi, raba iweke pembeni. Ukishafuta na kuhifadhi, sikio ndiyo limekwenda. Tumia maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu ya picha bila kuifuta. Mteue mtu kwanza, kisha bofya alama ya maski chini ya orodha ya leya, yale matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine. Ukuta wa nyuma utatoweka machoni, ila bado upo. Chini ya leya hiyo weka nyingine, uijaze bluu yote.

Sasa bofya kijipicha cha maski, si kile cha mteja, ndipo ushike brashi. Nyeusi inaficha, nyeupe inarudisha, kijivu inaonyesha nusunusu. Umekata sikio? Bonyeza X, brashi igeuke nyeupe, ulirudishe.

Nywele fupi usizifuate mojamoja. Brashi yenye ukingo laini inatosha. Rasta ndizo zina kazi: vuta picha hadi 200% na upite taratibu. Ukimpiga mtu picha mbele ya ukuta mweupe, utabaki utepe mweupe kichwani. Ongeza leya tupu juu ya mteja, shikilia Alt na ubofye kwenye mpaka wa leya hizo mbili. Ya juu imebanwa: chochote utakachopaka kitaishia ndani ya umbo la mteja. Chukua rangi ya nywele zake mwenyewe, upake ukingoni.

Na kwa umeme wetu huu, hifadhi PSD, faili la Photoshop lenyewe, mapema. JPEG haitunzi leya wala maski.

Brashi imegoma kabisa, napaka hakitokei kitu. Nipo Tukuyu, fundi wa karibu ni mbali.

Fundi wa nini tena? Bonyeza Ctrl+D. Mara nyingi kuna eneo dogo uliloliteua ukalisahau, na brashi hairuhusiwi kutoka nje yake. Ikikataa bado, tazama kama leya ina kufuli.

Natia rangi picha ya zamani ya bibi, ya nyeusi na nyeupe. Rangi ya kitenge inamwagikia mikononi. (Mafinga)

Kazi nzuri hiyo, usiiharakishe. Bonyeza Q, upake nyeusi juu ya mikono. Itaonekana kama wekundu unaopenya mwanga. Wekundu huo ndio kinga. Bonyeza Q tena utoke, fungua leya mpya, ibadilishe iwe ya hali ya Color, kisha upake kitenge. Mikunjo na vivuli vya kitambaa vitabaki, kwa sababu hali hiyo inabadili rangi tu, mwanga inauacha ulivyo. Mikono ifanye baadaye, kwa leya yake. Tafadhali usimng'arishe bibi ngozi, wajukuu wanamjua.

Photoshop ni ghali kwangu. GIMP inaweza haya? (Njombe)

Inaweza, na ni bure. Maski za leya zipo, kinga ya wekundu ni Shift+Q. Ila huko ukiingia tu, picha nzima inakuwa nyekundu kama hukuteua kitu. Unapaka nyeupe pale unapotaka kufanyia kazi. Angalia pia Ctrl+D: GIMP inakutolea nakala ya picha nzima. Kuondoa uteuzi ni Ctrl+Shift+A. Leya zako hifadhi kwa XCF, faili la GIMP lenyewe.