Wasomaji Wanauliza: Lincoln alipitaje bila kukanyaga ukumbini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Hapa kijiweni tumebishana sana, mmoja anasema Abraham Lincoln alipoteuliwa na chama chake mwaka 1860 hata ukumbini hakuwepo na kura za kwanza aliongoza mtu mwingine, mwenzake anasema haiwezekani. Huku kwetu tunajua wajumbe si watu, ila hili limetushinda. Ilikuwaje? Na huyo aliyeachwa alihama chama?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Wa kwanza yuko sahihi kwa yote mawili. Mkutano wa Republican ulifanyika Chicago, Mei 16 mpaka 18, kwenye jengo la mbao lililojengwa kwa ajili hiyo tu wakaliita Wigwam, likabeba watu kama 10,000 hivi. Lincoln alibaki kwao Springfield, maana enzi zile mgombea kwenda mwenyewe kujiombea kura kwa wajumbe ilionekana ni kukosa adabu, kazi yote wakafanya wapambe wake wakiongozwa na jaji David Davis.

Aliyekuwa anapewa nafasi kubwa ni William Seward, seneta wa New York. Sasa angalieni hesabu, hapa ndo penye utamu wenyewe. Ili upite ulitakiwa ufikishe kura 233, yaani zaidi ya nusu ya kura zote. Duru ya kwanza Seward akapata 173 na nusu, Lincoln 102, halafu kina Simon Cameron wa Pennsylvania, Salmon Chase wa Ohio na Edward Bates wa Missouri kila mmoja karibu 50. Hakuna aliyefika, na utaratibu wao haukumtoa mtu, mnarudia tu mpaka mmoja afike. Duru ya pili wajumbe wa Pennsylvania karibu wote wakamwacha Cameron wakahamia kwa Lincoln, ikawa Seward 184 na nusu, Lincoln 181. Ya tatu Lincoln akafika 231 na nusu, yaani bado kura moja na nusu tu, hapo mjumbe wa Ohio David Cartter akasimama akatangaza kura nne za jimbo lake zinahamia kwa Lincoln. Kwisha habari.

Watu wengi wanapenda kusimulia ile ya tiketi, kwamba asubuhi ya kura wapambe wa Seward waliandamana na bendi mtaani na kurudi wakakuta ukumbi umeshajaa watu wa Lincoln waliogawiwa tiketi za ziada. Kelele zilisaidia sawa, lakini anayeshangilia hapigi kura. Mimi naona sababu kubwa ni kwamba Seward alipendwa na wengi ila na wasiomtaka walikuwa wengi pia, hotuba zake kali dhidi ya utumwa ziliwatia hofu wajumbe wa Pennsylvania, Indiana, Illinois na New Jersey, majimbo ambayo chama kiliyakosa 1856, waliona akisimama yeye watayakosa tena. Lincoln alikuwa chaguo la pili la watu wengi sana na mkakati wake ulikuwa huohuo, asimuudhi mtu. Alituma pia ujumbe wapambe wasimfunge kwa ahadi yoyote, ila baadaye Cameron akapewa uwaziri wa vita na mimi siamini kwamba ilitokea bure.

Seward hakuhama. Iliuma lakini akazunguka nchi kumpigia kampeni Lincoln, akawa waziri wake wa mambo ya nje, na Chase akapewa uwaziri wa fedha, Bates akawa mwanasheria mkuu. Waliopasuka ni wapinzani wao, Democrats. Wao kanuni yao ilikuwa mgombea apate theluthi mbili ya kura za wajumbe, Aprili kule Charleston wajumbe wengi wa kusini wakatoka ukumbini kwa ugomvi wa utumwa, waliobaki wakapiga kura duru 57 na Stephen Douglas aliyekuwa anaongoza hakufika, wakaahirisha, Juni wakakutana Baltimore wakagawanyika tena mpaka chama kikawa na wagombea wawili, Douglas na John Breckinridge wa watu wa kusini, na Novemba Lincoln akashinda urais kwa asilimia 40 hivi tu ya kura za wananchi.