Kabla hujaipitisha programu, tafuta fclose

Msimbo ulionitia aibu kuliko wote niliowahi kuukagua haukufika hata mistari ishirini. Kijana mmoja kazini aliandika programu ndogo ya C ya kurekebisha mwanga wa skrini kwenye Linux. Inafungua faili la brightness chini ya /sys/class/backlight, inaandika namba kwa fprintf (amri ya C ya kuandika maandishi kwenye faili), inaangalia kama fprintf imerudisha namba hasi, ambayo ni dalili ya kosa, inafunga faili, kisha inachapisha "tayari". Nikaona makosa yanakaguliwa, nikaipitisha. Baada ya siku chache mteja akapiga simu: programu inasema tayari, skrini iko vilevile.

Tatizo ni kwamba fprintf haikuwa imeongea kabisa na kerneli, kiini cha mfumo wa Linux. Ilichofanya ni kuweka maandishi kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, ya maktaba ya C. Write yenyewe, yaani ombi la kuandika linalokwenda kwa kerneli, hutokea baadaye, kwenye fflush (kumwaga bafa) au fclose (kufunga faili). Faili la sysfs, yaani la chini ya /sys, nalo halikai kwenye diski, nyuma yake kuna draiva, programu inayoendesha kifaa, na draiva hukataa palepale write inapoifikia. Sisi tulikuwa tunamuuliza utingo kama mzigo umefika ilhali basi halijatoka stendi. Jibu la fclose, ambalo ndilo lilibeba EINVAL (kosa la thamani isiyofaa), hakuna aliyelisoma.

Na kwa nini ilikataliwa? Kijana aliandika 200 akidhani kiwango cha juu ni 255 kila mahali. Kwenye mashine ya mteja, max_brightness ilikuwa 15.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kwa faili za namna hii achana na fopen na bafa yake, tumia open na write zinazokwenda moja kwa moja kwa kerneli, uandike thamani nzima kwa mkupuo mmoja, halafu uangalie write imerudisha nini. Kuna faida nyingine niliyoijua kwa jasho. Ukikosea jina la faili ndani ya /sys ukatumia fopen yenye "w" (ya kuandika), inajaribu kuliunda. Sysfs haikubali, unaambiwa "Permission denied" hata kama wewe ni root, msimamizi mkuu wa mashine. Nilimaliza mchana mzima nikihangaika na sudo, amri ya kupata nguvu za root, kwa sababu ya herufi moja! Ukifungua kwa O_WRONLY (kuandika tu) peke yake, unaambiwa ukweli: ENOENT, faili halipo.

Upande wa kusoma, mimi hutafuta mambo mawili. Kwanza, read haiweki '\0' mwishoni, ile alama ya kumaliza maandishi, kwa hiyo bafa ya baiti 16 isomewe 15, ibaki nafasi ya kuiweka mwenyewe. Pili ni atoi, inayogeuza maandishi kuwa namba. Ikipewa maandishi yasiyo namba, kwa kawaida inarudisha 0 bila kulalamika, na kwenye baadhi ya kompyuta mpakato 0 ni skrini nyeusi tii. Mwambie mwandishi atumie strtol, inayofanya kazi hiyo hiyo lakini huonyesha ilipoishia, aanze kwa kuifanya errno (namba ya kosa la mwisho) kuwa 0, na ahakikishe kilichobaki baada ya namba ni alama ya mstari mpya tu.

Bandari za serial, zinazotuma data biti moja moja, zina mtego wao. Mwongozo wa tcsetattr, inayobadilisha mipangilio ya bandari, unasema wazi kwamba inarudisha mafanikio hata kama ni badiliko moja tu kati ya uliyoomba lililofanyika. Unaomba kasi mpya na pariti (biti ya kukagua makosa), unapata kimoja, unaambiwa sawa. Dawa ni kusoma mipangilio tena kwa tcgetattr na kulinganisha sehemu ulizozibadilisha. Nikikuta msimbo wa bandari hauna hatua hiyo, naurudisha.

Kwa ioctl, amri ya kukiagiza kifaa moja kwa moja, nauliza tu kama struct (kifurushi cha data inachopelekewa) imejazwa sifuri kwa memset, na kama mipangilio iliyopo imesomwa kwanza kabla ya kubadilishwa.

Halafu kuna setuid, alama inayoifanya programu iendeshwe kwa nguvu za mwenye faili lake, hapa root. Watu huiweka ili mtumiaji wa kawaida aweze kubadilisha mwanga, kisha jina la kifaa wanalitoa kwenye argv, maneno anayoandika mtumiaji akiiendesha programu, na kulibandika kwenye njia ya faili kwa snprintf. Mtu akiandika ../ (panda folda ya juu) mara kadhaa, programu yenye nguvu za root inaandika mahali isipotakiwa kuandika. Hapo huwa siendelei kusoma. Naomba setuid iondolewe, na badala yake iwekwe kanuni ya udev, mfumo wa Linux wa kusimamia vifaa, inayolipatia kundi la watumiaji la video ruhusa ya kuandika kwenye faili lile moja.