Kisima changu na karo la jirani: mita ngapi zinatosha?

SWALI: Assalamu alaykum Mhandisi. Naishi Fuoni, Unguja, kiwanja changu ni mita 12 kwa 18 na nyumbani tupo watu saba. Uani nina kisima cha futi 30, maji yake matamu, na bomba likikatika ndiyo tunayokunywa sisi na majirani wawili. Karo langu, yaani shimo la maji machafu ya choo, liko mbele ya nyumba, kama mita 11 kutoka kisimani, na tangu nihamie halijajaa hata mara moja. Sasa jirani wa nyuma anajenga, na fundi wake amechimba karo nyuma ya ukuta, hatua sita tu kutoka kisima changu. Nilipolalamika fundi akanijibu kuwa karo la saruji halina madhara na masafa hayo yanatosha. Mwengine ananambia sheria ni mita 30. Ipi ndiyo sawa? Na kama itabidi na mimi nibadilishe karo langu, nifanyeje kwenye kiwanja kidogo hivi?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Hizo mita 30 hazikuzuliwa. Ndiyo masafa yanayotajwa katika miongozo mingi ya afya kati ya shimo la choo na chanzo cha maji, na mimi pia nikiulizwa huanzia hapo. Lakini kabla hujaenda nazo kwa jirani, tufanye hesabu kidogo. Chora duara la mita 30 kukizunguka kisima chako: eneo lake ni zaidi ya mita za mraba 2,800. Kiwanja chako kina mita za mraba 216. Kwa hiyo kisima chako peke yake kinadai viwanja 13 visiwe na karo hata moja, na cha kwanza kati ya hivyo ni chako mwenyewe, maana karo lako liko mita 11. Ukienda kwa jirani na kipimo hicho, atakurudishia hicho hicho.

Halafu masafa ya juu ya ardhi ni nusu tu ya habari. Vijidudu vya kinyesi huuliwa zaidi na muda kuliko na umbali. Maji machafu yakipita polepole kwenye mchanga laini, bakteria wengi huchujwa na wengine hufa njiani. Ndiyo maana wataalamu wa visima katika nchi kadhaa hupima kwa siku: maji yachukue angalau siku 50 ardhini kabla hayajafika kisimani. Kwenye mchanga ambao maji husogea sentimita 20 kwa siku, siku 50 ni mita 10 tu. Kwenye jiwe la matumbawe lenye nyufa, maji yanaweza kwenda mamia ya mita kwa siku moja, na hapo hata hizo mita 30 ni mchezo. Na sisi Unguja, sehemu nyingi ukishatoa udongo unakutana na jiwe hilo. Aliyewahi kushuka pango la Mangapwani ameyaona maji matamu yaliyokaa ndani ya jiwe. Yalifika huko kwa kupita kwenye nyufa, na maji ya karo yakiipata njia kama hiyo yataifuata.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza fundi aliyekuchimbia kisima ni hili: alitoa nini? Kama ni mchanga mpaka mwisho, una nafuu. Kama alivunja jiwe, au alifika pahala sururu ikazama ghafla, basi chukulia kuwa kisima chako na makaro yote ya mtaa yanaweza kuwa yanawasiliana.

Swali la pili utalijibu mwenyewe, na ndilo ninaloliona kubwa zaidi: kutoka chini ya karo mpaka kwenye maji pana kina gani? Chukua kamba, funga jiwe, teremsha kisimani taratibu mpaka usikie limegusa maji, kisha funga fundo pale kamba inapopita usawa wa ardhi. Pima kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye fundo. Halafu muombe jirani umpimie shimo lake kwa kamba hiyo hiyo, maadam bado liko wazi. Kama ardhi ya pande zote mbili iko usawa mmoja, linganisha: chini ya shimo lake pawe juu ya maji kwa angalau mita moja na nusu. Na usipime kiangazi ukaridhika. Masika maji ya chini hupanda, na yatakapofika kwenye sakafu ya karo hapana tena udongo mkavu wa kuchuja kitu, kinyesi kimeingia kisimani moja kwa moja. Mulika tochi ndani ya kisima, tazama ukutani: ile alama ya kijani au ya unyevu iliyo juu ya maji ya leo inakuonesha yalipofikia msimu wa mvua. Pimia hapo.

Nakuomba pia usijisifie karo lisilojaa. Najua wengi tunalitaja kama neema: karo langu mwaka wa kumi, gari ya kunyonya haijawahi kuja. Nyumba ya watu saba, hata kama kila mmoja anatumia lita 80 tu kwa siku, hutoa lita 560. Zinakwenda wapi? Mafundi wetu wana kawaida ya kuchimba mpaka wafike pahala panapokunywa vizuri, yaani panapofyonza maji haraka, kisha husimamisha kuta za mawe bila saruji katikati na kufunika juu. Panapokunywa vizuri mara nyingi ni kwenye ufa, au karibu na maji yenyewe. Karo linalojaa linakusumbua wewe na mfuko wako. Lisilojaa mimi hulitilia shaka kwanza.

Sasa fundi wa jirani na saruji yake. Anaweza kuwa na haki, anaweza asiwe nayo, na utamjua kwa jambo moja: chini amemwaga zege? Wengi hujenga kuta za tofali, wakapiga lipu nzuri ya kung'aa, chini wakaacha mchanga. Hilo ni shimo lenye kuta. Tanki la kweli halivuji chini wala ubavuni, lina vyumba viwili, cha kwanza kikiwa theluthi mbili ya urefu, na maji huingia na kutoka kwa bomba lenye tii (kiungo chenye umbo la herufi T), ili povu la juu na tope la chini vibaki ndani. Kinachotoka bado ni maji machafu yenye vijidudu tele, ila hayana tope, na ndiyo yanayohitaji pahala pa kufyonzwa. Kwa hiyo likiwa tanki la namna hiyo, lenyewe linaweza kukaa hapo lilipochimbwa, ingawa mimi ningependa lisogee. Kile kisichokubalika hatua sita kutoka kisimani ni shimo la kufyonza. Muulize analiweka wapi. Akikujibu kuwa hakuna shimo jengine, basi hilo hilo ndilo.

Kwako wewe ningejenga hivi. Tanki lililofungwa kote, lenye urefu wa mita 2.4 kwa ndani, upana wa mita moja, na kina cha maji cha mita 1.2. Hapo unapata karibu lita 2,900, kiasi cha kutosha watu saba kwa miaka kadhaa kabla ya kunyonywa. Weka mifuniko miwili inayofunguka, mmoja kwa kila chumba, na isizikwe chini ya sakafu ya baraza, kwani nimeona watu wakivunja vigae vya nyumba nzima kutafuta kifuniko. Baada ya tanki usichimbe shimo refu. Chimba mtaro mfupi kwa kina na mrefu kwa urefu: upana sentimita 60, kina kisichozidi sentimita 90, ukipita upande wa barabarani kwa upana wa kiwanja, mbali na msingi wa nyumba. Jaza kokoto, laza bomba lenye matundu, funika kwa gunia gumu la plastiki kisha udongo. Maji yanafyonzwa karibu na uso wa ardhi, pahala penye udongo na hewa, na yana safari ndefu ya kwenda chini. Kabla ya kumwaga kokoto, jaribu mtaro kwa kuujaza maji mara mbili. Kama mara ya pili bado yamesimama mpaka kesho yake, udongo wako ni mzito na itabidi tuzungumze upya. Maji ya kuogea na ya jikoni yapeleke kwenye migomba, yasiingie kwenye tanki. Utaupunguzia mtaro mzigo mkubwa.

Lakini hata ukifanya yote hayo, sitokwambia kisima hicho ni cha kunywa. Makaro ya mtaa mzima yamekizunguka, na lako ni moja tu. Kifanye cha kufulia, kuoshea na kumwagia chooni. Jenga mdomo wake uinuke juu ya ardhi, weka sakafu ya zege ya kukizunguka yenye mteremko wa kutoa maji nje, ziba kuta za mita tatu za juu, na ufunike. Maji ya kunywa yawe ya bomba, yahifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au yachemshwe mpaka yatokote sawasawa. Utamu wa maji unakwambia tu kwamba bahari haijaingia. Bakteria hawana ladha. Kipindupindu nacho kimetutembelea mara nyingi vya kutosha, tangu mlipuko wa 1978, na mvua za masika ni rafiki yake mkubwa.

Kuna kitu kimoja kuchemsha hakukiondoi: naitreti, inayotokana na mkojo na kinyesi vikioza ardhini. Ukichemsha unapunguza maji, naitreti inabaki pale pale, kwa hiyo huzidi kidogo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya kopo, kwani damu yake hushindwa kubeba hewa. Ukiwa na mtoto wa umri huo ndani, au majirani zako wanaye, hayo maji ya kisima yasimguse kabisa. Ukitaka kujua hasa ulivyo, waulize Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) au maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu kupima. Waombe chupa yao, usitumie chupa ya soda, na omba vipimwe vitu viwili: bakteria wa kinyesi, ambao kwa maji ya kunywa wanatakiwa wawe sifuri katika mililita 100, na naitreti. Chukua sampuli wakati wa masika. Ya kiangazi itakupa moyo tu.

Sasa jirani. Sikushauri uanze na barua ya malalamiko. Mtaa wako, kama mitaa mingi ya pembezoni, ulikatwa vipande vipande bila mpimaji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu waligaiwa eka tatu tatu za kulima, na mashamba mengi ya namna hiyo yaliyokuwa karibu na mji yameishia kuuzwa kidogo kidogo. Eka tatu ukizikata viwanja kama chako bila kuacha hata uchochoro, unapata 56. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu kama 594,000 kwenye sensa ya 2012. Ya 2022 ilihesabu kama 893,000. Mabomba ya maji taka yapo Mji Mkongwe na sehemu chache za Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, huko kwenu kila mtu na shimo lake. Mpango wa mji wa 1982, uliochorwa na wataalamu wa Kichina, haukuweza kuifuata kasi hiyo. Jirani yako kanunua kilichokuwepo, kama wewe.

Kwa hiyo nenda naye kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, mkiwa pamoja, shimo likiwa bado wazi, na mpeleke pendekezo: nyinyi wawili, na ikiwezekana wale wawili wanaoteka maji kwako, mchangie tanki moja kubwa upande wa njia ambapo gari ya kunyonya inafika, kila nyumba ikiwa na bomba lake na chemba yake. Mtaro wa kufyonza uwe mmoja, pahala palipo mbali kuliko pote na kisima. Gharama ya kila mmoja hushuka, na karo nne zinakuwa moja. Andikianeni nani anafungua chemba, nani anaita gari na kwa zamu gani, kwa sababu tanki la pamoja huharibiwa na ugomvi wa kunyonya kabla saruji haijapasuka. Akikataa katakata, hapo ndipo muombe sheha akuitie bwana afya wa Baraza la Manispaa Magharibi B aje alione shimo kabla halijafunikwa. Likishafunikwa, kila mtu atakwambia chini kuna zege.

Karo lako la zamani usiliache tupu chini ya ardhi. Linyonywe lote, umwage chokaa, kisha ujaze kifusi na udongo kwa matabaka huku mkishindilia kila tabaka, mpaka juu. Watoto wamewahi kutumbukia kwenye mashimo ya namna hiyo mfuniko ulipooza. Na gari ikija kunyonya, muulize dereva anakwenda kumwaga wapi kabla hujamlipa.