Salio la Stoo Lisilolingana na Magunia

SWALI: Ndugu Mtaalamu, niliandika mfumo wa mauzo kwa mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, nao ulifanya kazi vizuri muda wote alipokuwa na karani mmoja. Tangu aajiri wa pili, siku ambazo mzigo mwingi unashuka kutoka visiwani, salio kwenye kompyuta huonyesha magunia mengi kuliko yaliyomo stoo. Tajiri anaamini kijana mpya anamwibia, na amekwisha kumkata mshahara. Nimebadilisha seva bila mafanikio. Kosa liko wapi?
Msomaji, Nyakato, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, kwa dalili ulizoeleza, ningeikagua programu kabla ya kumshuku kijana. Chukulia stoo ina magunia 120. Karani wa kwanza anafungua ukurasa wa mauzo, programu inasoma 120. Sekunde hiyohiyo wa pili naye anasomewa 120. Wa kwanza anauza 30, programu inaandika 90. Wa pili anauza 45, na kwa kuwa hesabu yake ilianzia kwenye 120, programu inaandika 75 juu ya ile 90. Stoo imebaki na magunia 45, kompyuta inasema 75, na magunia 30 yanatafutwa mifukoni mwa kijana wa watu.

Usidhani kwamba kuifunga kazi ndani ya muamala (transaction, yaani hatua kadhaa zinazokamilika zote kwa pamoja au zisifanyike kabisa) kunatosha. Kanzidata (database, yaani programu za kuhifadhi taarifa) kama MySQL na PostgreSQL, kwa mpangilio zinaokuja nao, huruhusu jambo hili litokee bila kutoa onyo lolote. Dawa iliyo rahisi ni kuacha kufanya hesabu ya kutoa ndani ya programu: iamuru kanzidata yenyewe ipunguze 45 kwenye salio lililopo wakati huo, kwa sharti kwamba salio hilo si chini ya 45, kisha uangalie ni mistari mingapi ya jedwali imebadilika. Ikiwa ni sifuri, mzigo hautoshi, na karani aambiwe kabla mteja hajalipa.

Pale ambapo ni lazima usome kwanza ndipo uamue, funga mstari husika kwa kufuli tangu unapousoma, lakini usiushikilie huku mteja akisubiri ujumbe wa malipo kwenye simu yake, maana kaunta nzima itasimama (na pale Mwaloni asubuhi hakuna atakayekuvumilia). Vilevile weka jedwali la mauzo ambalo kila risiti ina mstari wake usiofutwa, ili salio liweze kuhesabiwa upya wakati wowote.

Usiku wa leo, kwenye nakala ya kanzidata na si ile ya kazi, fungua madirisha mawili ya mauzo, kisha uza 30 na 45 kama nilivyoeleza. Ukiona 75, mwite tajiri aone kwa macho yake, halafu jumlisheni risiti za miezi hiyo mjue kijana anadai kiasi gani.