Barua kwa mwanangu: greda lenye kiraka

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikimsomea mama yako kwa sauti. Unaniuliza kama uichukue nafasi ya fundi mitambo mgodini Geita, ambako mshahara unakaribia mara tatu, au uisubiri ile ya karakana ya serikali uliyoifanyia usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira. Ni swali la haki, na umeliuliza kwa adabu. Lakini tangu jana kila nikikaa kulijibu hunijia swali jingine, la kwangu mwenyewe: ni kitu gani kinachomfanya fundi abaki mahali hata baada ya mahali hapo kumuumiza? Nivumilie nianzie hapo.

Unajua kwamba ulipozaliwa sikuwapo. Mama yako huisimulia habari hiyo kwa upande wake, na upande wangu sijawahi kuumaliza. Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa mwaka 1997, na zilipoendelea mwaka uliofuata barabara ya Kusini ilikatika vipande vipande. Daraja la Mkapa halikuwapo bado, kwani lilifunguliwa mwaka 2003. Magari yalivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na yaliyofanikiwa kuvuka yalikutana na udongo mweusi wa mfinyanzi hadi Somanga, kilomita 60 za udongo ambao ukikauka hupasuka na ukilowa humeza tairi mpaka ekseli.

Kwetu, kwenye karakana ya serikali, greda lililobaki hai lilikuwa moja, nalo lilipata ufa kwenye fremu inayobeba duara la kisu cha kukwangulia barabara. Hapakuwa na fremu nyingine. Nilitoboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kutambaa, nikauchimba ufa wenyewe kwa mashine ya kusagia mpaka nikafika chuma kizima, nikakipasha moto polepole, maana chuma kinene ukikichomelea kingali baridi hupasuka tena kando ya mshono. Kisha nikakata bamba kutoka kwenye tingatinga lililokwisha kufa, nikaliviringa pembe zote nne kwa sababu pembe kali ndiko ufa mpya unakoanzia, nikalichomelea juu yake liwe kiraka. Kazi hiyo ilichukua siku tatu, na usiku tulikuwa tukiifunika kwa turubai. Siku ya nne greda lilishuka barabarani, likakwangua, likafungua mfereji wa maji pembeni, na jioni lori la kwanza likapita kutoka upande wa Kilwa. Dereva wake ndiye aliyeshuka akaniuliza kama mimi ndiye fulani, akaniambia kwamba nyumbani nimepata binti na kwamba mama na mtoto ni wazima. Mwanangu, nimeishi miaka mingi na sijapata tena siku kama ile, ambayo kazi yangu na damu yangu vilinijia kwa njia moja.

Kama habari ingeishia hapo, ningekujibu kwa mstari mmoja.

Miaka michache baadaye greda hilo liliandikwa kwamba halitengenezeki. Nililikagua mimi, nikaandika kwa mkono wangu kwamba injini inahitaji ringi na laina, na kwamba pampu ya haidroliki inavujisha kwa sababu ya sili tu. Ukurasa wangu haukuonekana tena kwenye jalada. Greda likauzwa mnadani kwa bei ya chuma chakavu. Haukupita mwaka, nikatumwa kwenda kukagua mitambo ya mkandarasi iliyokodiwa kwa ajili ya barabara, nikalikuta pale limepakwa rangi mpya. Nilipiga magoti nikapitisha mkono chini ya fremu, na kiraka changu kilikuwa pale pale, pembe zake nne za mviringo. Kitu kilichokuwa mali ya umma kilikuwa kinakodishwa kwa umma, kwa saa. Niliporudi nikasema. Nikaambiwa na mkubwa mmoja, ambaye hata leo sitamtaja, kwamba fundi hushika spana na hashiki kalamu. Ule uhamisho wa Songea, uliokutoa shule katikati ya muhula ukalia njia nzima, ndio uliokuwa jibu langu.

Bado nauona uchungu wake ninapoandika, na kwa hiyo usinichukue kama hakimu asiye na upande.

Nimekuambia tangu ukiwa mdogo unanishikia taa kwamba grisi ni nafuu kuliko chuma. Wewe ulidhani ni maneno ya karakana tu. Mtambo una saa yake, na saa hiyo haibembelezwi: kila baada ya saa 250, 500, 1000 na 2000 una haki yake ya oili, filta na kukaguliwa, na asubuhi kabla ya kuwashwa una haki ya kumwagwa maji yaliyotuama chini ya dizeli. Filta ya hewa ikiachwa na vumbi la barabara zetu, vumbi hilo husaga laina kama msasa. Oili ikigeuka kuwa kama maziwa, maji yameingia, na kuendelea kuuwasha ni kuuua. Haya yote hugharimu kidogo, lakini kidogo hicho kikikosa fungu kwa miezi miwili, mtambo unaolingana na bei ya nyumba nyingi husimama, na aliyezuia fungu hatajwi wala haulizwi. Anayeulizwa ni fundi.

Mgodini hutakutana na hilo. Mtambo ukisimama saa moja kuna mtu anahesabu hasara, kwa hiyo spea huja, na utajifunza kusoma hitilafu kwa kompyuta, jambo ambalo mimi nimelikuta uzeeni. Nikisema hivi najikuta nimekwisha kukutuma Geita. Kisha nawakumbuka abiria waliolala siku kadhaa kwenye basi pale Nyamwage, kwenye barabara ile ya Kusini, akina mama na watoto, wakitazama ule upande tuliokuwa tukichomelea. Hakuna mgodi utakaokwenda kuwafungulia njia hao. Halafu tena nakumbuka kwamba ada ya kaka yako ilitoka kwenye shamba la bibi yako la Kibiti, na si kwenye mshahara wangu, na naona sina haki ya kukutaka ulipe wewe gharama ambayo nyumba hii imekwisha kuilipa mara moja. Ninageuka hivi usiku kucha, na mama yako ameniambia nizime taa.

Neno lenyewe ninalo. Nimeliandika chini ya karatasi hii nikalikata, kwa sababu nalijua limetoka kwenye kile kiraka, na wewe hukukichomelea wewe. Lakini kabla hujatia saini popote, omba uonyeshwe kitabu cha matengenezo cha mtambo mmoja tu, utakaouchagua wewe, si watakaokuchagulia. Linganisha saa zilizoandikwa humo na saa zilizo kwenye mtambo wenyewe. Kisha uliza fundi akiandika kwamba mtambo usitoke, nani ana ruhusa ya kuutoa, na karatasi ya fundi huyo hukaa wapi. Uliza hivyo hivyo huku na huko, uniandikie walivyokujibu.

Grisi ni nafuu kuliko chuma, mwanangu. Nasubiri barua yako.

Baba yako