Uwatu na mifupa ya mtu mzima

Dada uliyeuliza kama uwatu utamtosha mama wa miaka 70 mwenye sukari na mifupa dhaifu: kwa mifupa, hapana. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu, zilizorowekwa usiku, husaidia kidogo kushusha sukari (jasho litanuka uwatu, mvumilieni). Apishanishe na vidonge kwa muda wa saa 2. Ule ute wa mbegu huchelewesha dawa. Kama anameza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), sukari yaweza kuporomoka: akitetemeka na kutoka jasho, mpeni maji yenye vijiko 4 vya chai vya sukari. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asiguse uwatu.

Mifupa hutaka mzigo, yaani kubeba uzito wa mwili wenyewe. Kiti kiegemee ukuta, ainuke bila kushika mara 8, apumzike, arudie, siku 3 kwa wiki. Akae polepole, kujibwaga huvunja pingili za mgongo. Na dagaa ale na miba yake.