Kibali Kina Jina la Nani? Maswali ya Walimu Wanaoajiriwa Kupitia Mawakala

Barua za walimu zimekuwa nyingi msimu huu, nyingine za wanaoondoka Mombasa kwenda kufundisha ng'ambo, nyingine za waliotoka nje kuja kwetu. Tumezifupisha na kuondoa majina.

*Nina shahada ya ualimu wa Kiingereza na namba ya TSC (Tume ya Huduma kwa Walimu). Wakala mmoja hapa mjini amenipatia kazi ya chekechea China, mshahara yuani 12,000 kwa mwezi. Nimeshatoa shilingi 60,000, zimebaki 180,000. Anasema viza ya Z inachelewa, kwa hiyo nitaingia na ya M kisha shule inibadilishie nikifika. Safari ni wiki tatu zijazo. Niendelee?*
– Mwalimu, Kisauni

Hizo 180,000 zikae kwako kwanza, Mwalimu.

Viza ya M ni ya mfanyabiashara, mtu anayekwenda kununua mali Guangzhou au kukagua kiwanda. Anayekwenda kuajiriwa hupewa Z, na Z haitoki mpaka mwajiri aombe ruhusa kwenye mfumo wa serikali ya China na kujibiwa kwa barua ya taarifa ya kibali cha kazi. Barua hiyo ina jina lako, namba ya pasipoti yako na jina la mwajiri, na ndiyo unayokwenda nayo Nairobi kuombea viza. Basi wakala akikwambia Z inachelewa, muulize barua ya taarifa iko wapi. Kama hana, hakuna kinachochelewa, kwa sababu hakuna kilichoombwa.

Na pengine hakuombewa mtu kibali kwa sababu ombi lingekataliwa. Tangu China iunganishe vibali vya wageni mwaka 2017 na kuwagawa katika makundi A, B na C, mwalimu wa lugha anatakiwa, kimsingi, afundishe lugha yake ya mama. Kwa Kiingereza, ofisi za mikoa huhesabu Uingereza, Marekani, Canada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Kenya haimo, hata kama umesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni na unakijua kuliko hao wanaohesabiwa. Ni dhuluma, ndiyo, lakini afisa wa dirishani hapimi ufasaha wa mtu, anatazama pasipoti. Sasa hiyo M utabadilishiwa iwe nini?

Mawakala wanaolijua hili hupita njia mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo yako: unaingia kama mfanyabiashara, na siku za kukaa zikiisha unatoka nje ya nchi na kurudi. Ya pili inapendeza machoni zaidi, na ndiyo inayowanasa wenye tahadhari: kibali cha kazi kinatoka kweli, ila kimeandikwa kwamba wewe ni meneja wa mauzo wa kampuni fulani, na asubuhi uko darasani unaimbisha watoto. Kifungu cha 43 cha sheria ya China ya kuingia na kutoka, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, kinazihesabu zote mbili kuwa kazi haramu. Kifungu cha 80 kinampa mfanyakazi faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito, kizuizi cha siku 5 hadi 15. Akirudishwa kwao kwa nguvu, anaweza kufungiwa asiingie tena kwa mwaka 1 hadi 5. Shule nayo hutozwa yuani 10,000 kwa kila mwalimu wa namna hiyo, na ndiyo maana siku ya ukaguzi shule hizi huwaambia walimu wabaki nyumbani.

Njia halali ipo, ila ni nyembamba. Shule yenye ruhusa ya kuajiri wageni inaweza kumwombea Mkenya kibali cha kufundisha hisabati, fizikia au kompyuta kwa Kiingereza. Masharti ya kawaida ni shahada, miaka 2 ya kazi ya fani hiyo baada ya shahada, umri usiozidi 60, cheti cha mwenendo mwema na shahada iliyothibitishwa. Walimu wetu wengi wa sekondari wana masomo mawili, kwa hiyo tazama la pili. Kama ni Kiingereza na Hisabati, una pa kushika. Kama ni Kiingereza na Fasihi, sisi hatungelipa hata senti.

Ukija kupata viza, isome stika kabla hujatoka mlangoni. Panapoandikwa aina pawe na herufi Z, mara za kuingia 01, na siku za kukaa 000. Watu wakiziona sifuri tatu hushtuka, wakadhani wamepewa siku sifuri. Maana yake ni kwamba siku zako zitaandikwa kwenye kibali cha ukaaji, ambacho lazima ukiombe ndani ya siku 30 tangu uingie. Ukikuta 30 au 60 hapo penye sifuri, hiyo si viza ya kazi ya muda mrefu, wakala aape atakavyoapa. Na ukipanga nyumba badala ya kukaa hoteli, jiandikishe polisi ndani ya saa 24.

Kuhusu zile 60,000: mwandikie wakala ukitaka namba yake ya usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kisha uitafute mwenyewe kwenye orodha ya mamlaka hiyo mtandaoni. Usikubali picha ya cheti kwenye simu, picha hutengenezwa. Halafu mwambie mkutane ofisi ya Kazi. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa kazi, ambaye kabla ya kuweka sahihi lazima aridhike kwamba umekubali bila kudanganywa na kwamba afya yako inaifaa kazi hiyo. Wakala halali huiona hiyo kama foleni ya kawaida. Akianza kusema mkataba wa China haupitii huko, umepata jibu lako. Mdai kwa maandishi, weka ujumbe wote wa M-Pesa (hasa kama pesa zilikwenda namba ya mtu na si ya kampuni), na asiporudisha peleka karatasi hizo DCI, idara ya upelelezi wa jinai.

*Binti yangu anafundisha Thailand. Aliyemwajiri ni wakala wa huko, ndiye aliyempeleka shule ya serikali. Wameambiwa mkataba unaisha Machi na mwingine utaanza Mei. Pasipoti yake inaonyesha ana ruhusa mpaka Juni, na wenzake wanasema hukaa tu wakangoja. Mimi sina amani.*
– Mama, Likoni

Shikamoo, Mama. Wasiwasi wako una msingi.

Mwaka wa shule Thailand huanza katikati ya Mei na kuisha Machi. Wakala anayeandika mkataba wa miezi 10 anakwepa mishahara ya likizo, na hilo halina ajabu. Ubaya uko kwenye uhamiaji. Ruhusa ya kukaa ya mwalimu mwenye viza ya kazi, ile iitwayo Non-B, imefungwa kwenye kazi yenyewe. Kazi ikikatwa na wakala akatoa taarifa, ruhusa inakufa siku hiyo, hata kama muhuri unasema Juni. Wale wenzake "wanaokaa tu" huenda wakala wao hakutoa taarifa, au walikatwa na hawajui.

Binti amuulize wakala leo, kwa maandishi: mtanifutia kibali Machi, ndiyo au hapana, na tarehe gani? Akifutiwa, siku hiyohiyo aende uhamiaji na barua ya kumaliza kazi. Huko anaweza kuomba siku 7 za kujipanga kwa baht 1,900. Baada ya hapo ni kutoka nchini, na kurudi na Non-B mpya mkataba mwingine ukiwa tayari.

Akipitiliza, faini ni baht 500 kwa siku, mwisho 20,000. Wengi hupiga hesabu wakaona italipika. Lakini akijisalimisha mwenyewe baada ya kupita siku 90 anafungiwa asiingie tena nchini kwa mwaka 1, na akikamatwa njiani, hata kama amezidisha wiki moja, anafungiwa miaka 5. Asikubali pia kufundisha masomo ya ziada Aprili "kwa muda tu". Kufanya kazi bila kibali ni baht 5,000 hadi 50,000 na kurudishwa nyumbani.

Kwa mkataba ujao, aombe shule imwajiri moja kwa moja, au mkataba wa miezi 12. Shule zenye uhaba wa walimu hukubali mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

*Mimi ni mwalimu kutoka Tanga. Wakala alinitafutia shule ya binafsi huku Nyali. Niliingia kupitia Lunga Lunga, pasipoti ikagongwa miezi 6. Wakala na mwenye shule wote wanasema mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kibali. Nina miezi minne kazini.*
– Mgeni, Nyali

Wamechanganya mambo mawili. Kuingia bila viza ni haki yako kama raia wa Jumuiya, na miezi 6 ile ni ya kukaa. Kufanya kazi kuna karatasi yake. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza tarehe 1 Julai 2010, inasema raia wa nchi mwanachama aliyepata kazi ya zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ukubaliwe, na mamlaka ijibu ndani ya siku 30. Urahisi mliopewa ni wa njia ya kukipata. Hitaji lenyewe lipo palepale.

Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011, kufanya kazi bila kibali kunaweza kukupeleka kwenye faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Anayekuajiri naye ana kosa lake, kwa hiyo mwenye shule asikufanye uonekane unamwomba msaada. Ombi linatakiwa litoke kwa shule, kupitia akaunti ya shule kwenye mfumo wa uhamiaji mtandaoni. Ombi likitoka kwa jina la wakala, nawe unafundisha kwingine, kibali kitakuwa na mwajiri usiyemfanyia kazi, na afisa akija shuleni hutakuwa na la kumwonyesha. Tumeona walimu wenye kibali halali kabisa wakisumbuliwa kwa sababu hiyo tu.

Kuna mlango wa pili ambao mawakala husahau kuutaja. Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya 2012 haimruhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa na TSC, na kwa wageni pia ni hivyo, hata shule iwe ya binafsi. Vyeti vyako vya Tanzania vitahitaji kutambuliwa hapa, na hilo huchukua muda mrefu kuliko kibali chenyewe, basi lianze mapema.

Pitia ofisi ya uhamiaji, jengo la Uhuru na Kazi, uende na mtu wa shule mwenye mamlaka ya kusaini. Nenda kabla miezi 6 haijaisha. Anayejipeleka akiwa bado na siku husikilizwa tofauti na anayeletwa.

(Kwa mwenye shule wa Nyali aliyetuuliza juu ya mwalimu wake Mwingereza: ruhusa ya kusafiri ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024 haimruhusu kufundisha hata wiki moja. Kibali cha kawaida cha kuajiriwa ni Daraja D.)

*Shule ya Dubai imenitumia ofa kupitia wakala. Nitangulie na viza ya matembezi, na nilipie mwenyewe dirham 3,000 za kibali cha kazi. Ni kawaida?*
– Mwalimu wa Kemia, Changamwe

Ni kawaida kusikika, lakini ni kinyume cha sheria ya huko. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, nambari 33 ya 2021, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kufundisha ukiwa na viza ya matembezi kunaweza kumgharimu mwajiri dirham 100,000 hadi milioni 1 tangu sheria ilipobadilishwa 2024, na shule inayojua hivyo haithubutu. Kwa hiyo inawezekana shule yenyewe haijui lolote, na hizo 3,000 ni za wakala. Andikia shule kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yake, usitumie ile uliyopewa na wakala, uwaulize kama ofa ni yao.

*Wakala amekaa na shahada yangu halisi miezi minne, anasema iko kwenye uthibitisho.*
– Bombolulu

Uthibitisho wa shahada una vituo vichache tu: chuo au mamlaka iliyoitoa, Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Kila kituo hutoa risiti. Mwombe risiti ya kituo ilipo sasa. Asipokuwa nayo, mpe siku 7 kwa barua, nakala ubaki nayo, kisha upige ripoti kituo cha polisi kwamba mali yako inazuiliwa. Utakapoirudisha mkononi, uthibitisho wenyewe ufanye wewe: treni ya asubuhi kutoka Miritini, na shahada kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku.